Bibi wa Wadi Kabir

Wadi Kabir, Maskati
Jumamosi, baada ya kazi

Kwako Wakesho, Mama Neema, mke wangu,

Naanza kwa salamu ingawa najua hukuzingoja. Hujambo? Neema na Baraka hawajambo? Kifua cha Baraka kimetulia, au bado kinambana upepo wa vumbi ukianza? Na mama yangu, ule mguu aliouumiza akitoka shambani, sasa anaweza kuukanyagia? Nauliza haya kwenye karatasi kwa sababu simu yangu hupokei, na kila ninachokutumia kinabaki na tiki moja, wiki ya tatu sasa. Ndugu yangu Mghanga aliniambia ulivyosema: "Akitaka kunieleza aandike kwa mkono. Sauti hufutwa, karatasi haifutiki." Haya, karatasi hii hapa. Nampa dada mmoja wa kanisani kwetu, muuguzi, ambaye kesho anakuja likizo Mombasa, naye atampa Mghanga. Ndiyo, yeye amepata likizo. Hilo la likizo nitalifikia, usiniharakishe, maana ndilo gumu kuliko yote.

Mimi mwili ni mzima. Nakula, nafanya kazi, nalala. Roho ndiyo haina raha. Mghanga alinieleza pia kwamba usipopata maelezo ya kueleweka kabla ya Pasaka, utafunga nyumba, uchukue watoto na urudi kwa mama yako Mwatate. Maneno hayo aliniandikia kwenye simu, nami nimeyasoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia, Mungu anisamehe.

Basi nianze na ule ujumbe wa sauti. Najua umeukariri, lakini acha niuandike, ili tuzungumze juu ya kitu kimoja. Ni sauti ya Nassor, mteja wetu hapa gereji. Alisema hivi:

"Mwakio, sikiliza yakhe. Bibi leo kaamka vibaya. Anakohoa, anatetemeka mwili mzima, na mimi kila nikimgusa ananizimikia. Mtu mwengine hamtaki, anakutaka wewe tu. Jioni njoo umshughulikie. Na vile viatu vyake vipya n'shamnunulia, vile vipana, leo leo tumvishe. Lakini usimwendee kwa pupa kama siku ile. Mpashe moto kwanza, taratibu, akikolea ndo tumtoe barabarani watu wamuone."

Hayo ndiyo uliyoyasikia, Wakesho, ukiwa kwenye foleni ya maji na wanawake wenzako, simu ikiwa kwenye sauti kubwa kwa sababu ulidhani ni wimbo. Na kweli nilikusudia kukutumia wimbo wa kwaya yetu. Kidole kilikuwa na grisi, kikagusa cha juu badala ya cha chini. Najua Mama Shali alikuwepo pale, na kitu akisikia Mama Shali hakihitaji redio. Wewe ukanijibu maneno matatu tu, "Msalimie bibi yako," na baada ya hapo kimya.

Mke wangu, Bibi ni gari.

Usirarue karatasi, soma kwanza. Bibi ni gari la Kimarekani, la miaka ya sitini, lenye milango miwili na boneti ndefu. Kukohoa ni injini. Viatu ni matairi. Kumpasha moto ni kuwasha injini na kuisubiri ipate moto kidogo kabla ya kuikanyagia mafuta. Kila neno katika ujumbe ule ni la gereji. Hakuna la kitandani hata moja, ingawa nikiusikiliza mimi mwenyewe sasa masikio yananiwaka.

Shida yote imetoka kwenye neno hilo la bibi. Nassor ni Mwomani, lakini ukoo wao ulitoka Unguja, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho cha kuamkiana. Sisi Voi bibi ni mke, lakini watu hawa mke humwita mke. Bibi kwao ni mama wa mama au mama wa baba, yule ambaye sisi Voi tunamwita nyanya. Siku za mwanzo tulivurugana vibaya sana. Nilimwambia nina nyanya mwenye umri mkubwa anayeishi milimani, akanikodolea macho: "Nyanya? Tungule? Na mpaka leo haijaoza?" Nikamwambia bibi yangu yuko nyumbani analea watoto wangu wawili. Akasikitika sana. Aliamini kwamba wanangu wameachiwa kikongwe, na kila akija gereji aliniuliza, "Khabari za bibi yako, macho yanaona bado?" Nami namjibu, "Anaona vizuri sana, mpaka anaona nisiyotaka ayaone." Tukacheka wote wawili, kila mtu na maana yake.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu ami yake. Lilikaa miaka mingi uani kwao kule Sib, chini ya bati, halina uhai. Bibi yake Nassor, aliyemlea tangu mdogo, ndiye aliyelifanya baraza. Msimu wa baridi alikuwa hufungua mlango, akae kiti cha mbele, amenye vitunguu thomu, anywe kahawa yake, na kutoka humo awatume wajukuu dukani. Alipofariki, ndugu za Nassor walitaka liuzwe kama chuma chakavu. Yeye akakataa. "Hili la Bibi," akasema, na neno lile likabaki kuwa jina. Lilipoletwa hapa Wadi Kabir likiwa juu ya lori, mimi ndiye niliyelifungua. Chini ya kiti nilikuta kokwa za tende na sindano ya kushonea kofia. Nilimpa Nassor ile sindano, akaitia mfuko wa kanzu.

Mwaka mzima, Wakesho. Mwaka mzima nimelala chini ya gari lile. Injini yake ina silinda nane. Niliichomoa yote, nikaiosha kipande kwa kipande kama mtu anayeosha vyombo vya harusi. Kabureta ya kizamani tumetoa, tumeweka mbili kubwa, mpaka boneti ikabidi ikatwe tundu ili zipumue. Difu tumebadilisha, breki tumebadilisha, na nyuma ana matairi mapana ajabu. Kuna matairi ya aina mbili. Ya katikati ya wiki yana meno kama ya watu wote, Nassor huenda nayo msikitini, au mtaa wa Hamriya kutafuta kitambaa cha kanzu. Na kuna ya Ijumaa, ya mashindano, ambayo hayana meno hata moja. Ndiyo, tairi kipara! Kwetu askari akikukuta na tairi kipara anakuteremsha, na hapa watu wanaagiza kipara kipya kutoka ng'ambo. Hicho kipara ndicho kinachoshika lami vizuri gari linapoondoka kwa nguvu.

Na mbio zenyewe ni fupi mno, ukipiga chafya umezikosa. Magari mawili yanasimama sambamba, taa inageuka kijani, yananyooka mbele mpaka mwisho wa mstari, basi. Hakuna kona. Lakini kwa zile sekunde chache, mwili mzima unatetemeka, na mimi niliyekaza kila nati najiona kama ndimi ninayenguruma. Ninaishi chumba cha watu sita. Kafili, yaani mwajiri wangu, ananiita "ya walad", we mtoto, na nina ndevu za mvi. Hakuna mtu hapa anayejua kwamba mimi ni shemasi kanisani kwetu Voi, na kwamba nyumba yangu niliijenga kwa mikono yangu. Lakini Bibi akiwaka, wanaume wenye kanzu za pasi wanageuka na kuuliza, "Nani kamtengeneza huyu?" Na Nassor ananyoosha kidole kwangu. Nilikuwa naishi kwa kidole kile. Nakwambia ukweli, maana umetaka karatasi isiyofutika.

Sasa, wivu. Wewe unadhani wivu ni wako peke yako.

Baada ya muda akaja gereji fundi mwengine, Shomari, mtu wa Tanga. Unaona, nami nimeanza kusema "mwengine". Ni kijana mpole, mwembamba, mikono yake safi hata akiwa kazini, jambo ambalo fundi wa kweli hulishuku. Lakini ulimi wake, Wakesho! Akisema "karibu" unahisi umeshaandaliwa kiti. Nassor alipomsikia siku ya kwanza, alikaa juu ya ndoo ya oili na kanzu yake nyeupe, wakaongea saa nzima juu ya maandazi. Maandazi! Mimi niko chini ya gari, miguu tu nje, nasikia wanavyocheka. Halafu Nassor akainama akaniambia, "Mwakio, Kiswahili chako wewe cha kuchanjia kuni. Msikilize mwenzio." Alisema kwa mzaha. Mimi nikaumia kama nimebanwa kidole na mlango.

Tangu siku ile nikawa mlinzi. Nassor akija nampokea langoni kabla Shomari hajafika. Spana za Bibi nikaziwekea sanduku la peke yake na kufuli. Shomari akiuliza jambo juu ya ile injini, namjibu nusu. Aliniuliza mara moja kwa nini Bibi hawaki asubuhi ya baridi, nikamwambia ni mafuta mabaya, na nilijua vizuri kwamba ana kijitabia chake cha kukanyagiwa mara mbili, aachwe, kisha awashwe. Nilimnyima. Mtu mzima, mwenye watoto, namnyima mwenzangu kukanyaga mara mbili.

Kisha ukaja ujumbe ule na kimya chako. Unajua hapa ibada zetu ni Ijumaa, kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko. Na unajua pia, kwa sababu niliwahi kukudanganya kwamba kazi zimezidi, kwamba nilikuwa nimeacha kwenda. Kazi hazikuzidi. Ijumaa ilikuwa siku ya Bibi. Lakini wiki ya kwanza ya kimya chako niliogopa, nikavaa shati ulilonishonea, nikaenda kanisani kukuombea uniwashie simu. Nilipiga magoti mpaka yakafa ganzi. Niliporudi gereji mchana nilikuta boneti iko wazi, na Shomari ameinamia ndani, mikono yote miwili imezama kwenye kabureta zangu. Nassor yuko kando anamshikia tochi.

Wakesho, macho yaliingia giza. Nilimshika bega nikamvuta nje. "Nani amekuruhusu kumfungua? Nani?"

"Kaka, taratibu," alisema. "Tajiri kaniita. Ulikuwa huko kwenye maombi."

"Ukiniona sipo unamwacha! Unamwacha kama alivyo!"

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akanitazama kwa huruma ambayo ilinikera kuliko tusi. "Kaka, hili gari tu," akasema. "Si mke wa mtu."

Nassor akacheka, akadhani ni mzaha. Mimi nikatoka nje. Nilisimama kwenye jua, nikijiambia kwamba huyu mtu wa Tanga hana adabu. Haikunipitia akilini kwamba ananiambia kitu.

Sasa nakuja kwenye aibu. Ijumaa iliyofuata ilikuwa siku ya mashindano, kwenye uwanja ulio nje ya Sib. Asubuhi, kabla Bibi hajapakiwa kwenye lori, nilifungua boneti. Nilikuwa peke yangu. Nililegeza bolti moja, nikaipotosha taimingi kidogo, upana wa ukucha tu. Usiogope, si jambo la kuua mtu. Linafanya gari livute kwa uvivu, lisite, likohoe. Nilitaka Shomari aonekane ameharibu, na Nassor anigeukie mbele ya watu aseme, "Mwakio, njoo." Ndicho kitu pekee nilichotaka. Nikafunga boneti, nikanawa mikono, nikapanda lori kukaa na wenzangu, nikawagawia karanga.

Kule uwanjani Nassor alimwasha. Bibi akakohoa, kama nilivyopanga. Nassor akashika kichwa. Mimi nikasubiri kuitwa, nimeshajitayarishia na uso wa mshangao. Lakini Shomari alishafika mbele ya boneti. Aliinamisha kichwa upande kama mtu anayesikiliza mtoto akilia chumba cha pili. Hakugusa kabureta, alikwenda moja kwa moja kwenye bolti yangu. Akaikuta imelegea. Nilijua kwamba amejua, maana bolti ile mimi huikaza kwa nguvu zangu zote, na kila fundi hapa anaicheka kwa hilo.

"Nini?" Nassor akauliza. "Kuna nini?"

Shomari akanitupia jicho mara moja tu. "Njia ina mashimo," akasema. "Imetikisika kwenye lori."

Wewe hujui barabara za nchi hii, Wakesho. Zimenyooka kama meza. Hakuna shimo hata moja kutoka Wadi Kabir mpaka kule uwanjani. Nassor anajua, Shomari anajua, na mimi najua. Akairudisha mahali pake kwa sikio tu, bila taa wala kipimo, akaikaza, akanirudishia spana yangu kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mkubwa wake kitu.

Bibi akaenda. Sijawahi kumwona akienda vile. Aliondoka bila kuyumba, moshi wa matairi ukabaki nyuma, na yule aliyesimama naye sambamba akaachwa kabisa. Ubao ukaonyesha muda mfupi kuliko wowote niliowahi kumpatia kwa mwaka mzima. Watu wakapiga kelele, Nassor akarudi anacheka na machozi yanamtoka, akamkumbatia Shomari, kanzu ikaingia grisi naye hakujali. Wakamwuliza, "Nani kamtengeneza?" Kidole kikaenda kwa Shomari. Na Shomari, Mungu ampe heri, akanionyesha mimi. Hakuna aliyetazama.

Nilikuwa nimesimama kwenye uzio, nimeshika waya. Hapo moyo uliniuma kwa namna ambayo sijui niiandike vipi. Kitu nilichokipa mikono yangu, usingizi wangu na Ijumaa zangu zote kimekwenda vizuri zaidi bila mimi. Kikashangiliwa bila mimi. Ndipo nikakuona wewe kwenye ile foleni ya maji, umeshika simu, unasikia mwanamume asiyekujua akisema, "Mwengine hamtaki, anakutaka wewe tu." Nikajua ulijisikiaje. Nimeandika barua nzima kukueleza kwamba ulikosea. Sasa nakwambia ni wapi hukukosea.

Desemba nilikuambia kwamba mwajiri amekataa kunipa likizo. Hakukataa.

Alinipa mwezi mzima. Karatasi alitia sahihi mbele yangu, nikaikunja nikaiweka mfuko wa shati. Nikakaa nayo siku mbili. Nikapiga hesabu, nikaona kwamba nikiondoka, mashindano ya mwanzo wa mwaka yatanikuta Voi, na atakayemfungua Bibi ni Shomari. Siku ya tatu nikairudisha. Nikamwambia mwajiri sina haraka, nyumbani wanaelewa. Halafu nikakupigia simu nikajifanya nimevunjika moyo, na wewe ndiye uliyenifariji. Ulishapaka sebule chokaa. Neema alishajifunza shairi la kunipokea, akanisomea kwenye simu, likakatikia katikati kwa sababu alilia. Nami nikamfariji nikasema, "Ni hawa mabosi wa huku, mwanangu, hawana roho." Mwajiri yule wa watu hakuwa na kosa.

Kwa hiyo ulikosea jina tu, mke wangu. Jambo hukulikosea.

Na usidhani nimemaliza, kuna uchafu mmoja bado. Juzi Mghanga alinipigia. Katika kunipa habari akataja kwamba Mwalimu Kioko, yule mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, amepandisha tangi la maji juu ya mnara, amenyoosha mlango uliokuwa ukigoma, na asubuhi anampeleka Neema shule kwa pikipiki yake. Na Baraka anamwita anko. Alisema kama habari njema. Nilikata simu nikakaa kitandani. Usiniulize nilichowaza, kilikuwa kibaya na hukistahili. Nikamrudia Mghanga nikamuuliza swali la kijinga: "Hizo nati za tangi alizikaza na nini?" Akasema, "Na ile spana yako ya kumi na saba, shemeji alimtolea kwenye sanduku."

Wakesho, nina wivu. Nina wivu na nati. Naona mtu akisimama mahali pangu, ameshika spana yangu, na tangi halivuji. Lingevuja kidogo ningefurahi, ndivyo nilivyo mbaya. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na mimi sikunyang'anywa nafasi yangu, niliitia mfuko wa shati nikairudisha mwenyewe. Sikuulizi lolote juu ya mwalimu. Sina haki hiyo. Ninachoogopa ni kwamba nyumba yangu nayo imejifunza kwenda vizuri bila mimi.

Jana nilimweleza Nassor yote, pamoja na bolti. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akasema, "Subiri kwanza. Wee una mke? Kijana? Yu hai?" Kumbe mpaka leo alikuwa akidhani bibi yangu ni yule kikongwe! "Nami nnakusifu kwa watu, huyu Mwakio hana pa kwenda, kazi ndo mkewe. Ala! Wallahi angelikuwepo Bibi mwenyewe, angekutoa humu kwa bakora." Akaenda kwa mwajiri siku ile ile wakazungumza kwa Kiarabu, nikasikia jina langu na neno "khalas", yaani basi, imekwisha. Likizo nimepewa tena. Inaanza baada ya wiki mbili, na safari hii karatasi nimempa Shomari anihifadhie, maana mimi siaminiki. Nimempa na ufunguo wa lile sanduku. Nikamwambia, "Asubuhi ya baridi mkanyagie mara mbili, mwache, kisha mwashe." Akajibu, "Nilijua, kaka. Nilimsikia." Basi hata siri sikuwa nayo.

Ningeweza kuja nayo barua hii mkononi. Nimetaka itangulie, ili utakapouona uso wangu uwe umeshajua yote na umeshakasirika vya kutosha. Ukiamua kwenda Mwatate kabla sijafika, nitakufuata Mwatate. Ukiamua kubaki lakini hutaki kuzungumza nami, nitalala sebuleni kwenye chokaa yako mpya mpaka utakapotaka.

Nisalimie mama yangu, mwambie dawa ya kuchua mguu ninayo. Msalimie mama yako kule Mwatate, na kama umeshamwambia mabaya yangu usiyapunguze, ni ya kweli. Msalimie ndugu yangu Mghanga, mpatanishi wetu asiyelipwa. Mwambie Neema shairi lake asilisahau, ila asilazimishwe. Mbusu Baraka. Wanawake wa foleni ya maji wasalimie pia, na Mama Shali mpe barua hii aisome kwa sauti akitaka, mpaka mwisho, maana alisikia mwanzo tu.

Nitateremka stesheni ya Voi kwa treni ya Mombasa, Jumamosi ya tatu baada ya wewe kupata karatasi hii. Sikuombi uje kunipokea. Nitashika mzigo wangu, nitatembea, njia naijua. Lakini moja nakuomba, Wakesho, kwa magoti yangu yote mawili: hata kama mvua inanyesha, usimtume mwalimu na pikipiki yake.

Mumeo, kama bado unaniita hivyo,
Mwakio